Masizi ya Mayo Sidi

Habari kwamba serikali inamtuma mtu kuja kuyatazama majiko ilifika Dabaso asubuhi, na kabla jua halijapanda utosini Pola alikuwa amekwisha kuwatoa wanawake majumbani mwao kwenda kuchimba udongo.

"Mgeni asikute masizi!" alinadi akipita vichochoroni, kibwebwe kiunoni, debe la udongo kichwani. "Kila jiko likwanguliwe, lisiribwe, ling'are kama sahani ya arusi! Mwenye jiko chafu nitamtaja mkutanoni kwa jina lake na la babake!"

"Na la babu je?" sauti ilimuuliza kutoka nyuma ya ua.

"La babu yako silijui, na wewe hulijui. Toka ukachimbe!"

Wakacheka, wakatoka. Pola alikuwa mwenyekiti wao, mwanamke wa mwili na wa sauti, muuza viazi vya karai pale stendi ya njia panda, na akisema jambo huwa ni rahisi kulifanya kuliko kubishana naye.

Jedida naye alicheka, akachukua jembe. Alikuwa mjane wa Kalume, fundi seremala aliyetengeneza vitanda vya hoteli nyingi za Watamu, na chake mwenyewe hakukimaliza. Jedida alizaliwa bara, kwenye baridi, akaletwa pwani na ndoa. Kalume alipofariki alimwachia mtoto mmoja wa kiume, Dena, ambaye sasa yuko Mombasa kikazi, na mama mkwe mmoja, Sidi, ambaye hakuna kazi iliyoweza kumpeleka popote. Watu wa kwao Jedida walimwita arudi. Alisali juu ya jambo hilo, akaona hajasikia moyoni neno la kurudi, akabaki.

Majiko yenyewe yalikuwa ya mradi wa serikali. Ni jiko la udongo lililojengwa palepale jikoni, kinywa kimoja mbele cha kutilia kuni, matundu mawili juu ya kuweka sufuria, na bomba la kutoa moshi nje ya ukuta. Kuni zilizokuwa zikipika mlo mmoja juu ya mafiga zikawa zinapika milo miwili na chai juu yake. Siku yalipozinduliwa, binti mmoja wa mradi aitwaye Moraa aliwaeleza wanawake kwa nini serikali inajitaabisha na meko yao.

"Nchi yetu imetoa ahadi mbele ya mataifa," Moraa alisema. "Imesema itapunguza moshi wake, itunze na miti yake. Kila jiko hapa ni kipande cha ile ahadi. Na kule Nairobi kuna ofisi kazi yake ni kufuatilia, kitu kwa kitu, kama tulivyosema ndivyo tunavyofanya. Maana tukiulizwa, hatutaki kujibu kwa kubabaisha."

Wengine walikuwa wakisikiliza huku macho yakiwa kwenye soda. Jedida alisikiliza neno moja, ahadi, na likamkaa. Yeye ahadi alizijua. Alikuwa ameapa mbele ya madhabahu mara moja maishani, na mwenzake amelala kaburini lakini kiapo bado anakipalilia kama shamba. Hakuwahi kufikiri kwamba nchi nzima nayo inaweza kusimama mbele ya wengine ikaapa, kisha ikaanza kujikagua yenyewe kama imetimiza. Akaiheshimu serikali siku ile kwa namna ambayo hakuwa ameiheshimu kabla. Walipotafuta mtu wa kuwa kiungo kati ya kijiji na mradi, alikubali, akasema mbele ya wote, "Majiko haya yatatumika. Natoa neno langu."

Ila majiko yalijengwa upande wa chini tu wa barabara, ule unaoelekea Mida. Upande wa juu uliambiwa ungoje. Serikali ikiona yale ya kwanza yanatumika kweli, italeta mengine. Isipoona, yataishia hapo. Na Sidi alikaa upande wa juu.

*

Alasiri ile, mikono bado ina udongo, Jedida alivuka barabara kumpelekea mavyaa wake uji. Alimsikia kabla hajamwona. Kikohozi cha Sidi kilikuwa kama mtu anayekwangua sufuria iliyoungua, hana haraka, na hamalizi. Alimkuta jikoni mwake ameinama juu ya mafiga, moshi umejaa mpaka dari la makuti halionekani.

"Mayo," Jedida aliita. Ndivyo Wagiriama wanavyomwita mama, na ndivyo alivyomwita Sidi tangu siku aliyoingia boma lile na sanduku lake la bati. "Mayo, toka nje kwanza upumue."

"Nikitoka nani atapika? Huyu moshi?" Lakini alitoka, macho mekundu, akaketi juu ya kinu kilicholazwa chini. "Una udongo mpaka kwenye kope. Mmemzika nani?"

"Tunasiriba majiko. Mtu wa serikali anakuja kesho kuangalia kama tunayatumia."

"Ataonaje? Ataonja ugali?"

"Sijui ataonaje. Ila akiona, na yenu yatakuja." Jedida alimpa uji, akamtazama anavyoshika kikombe kwa mikono miwili. "Mayo, mbona huji kulala kwangu mpaka yafike? Hata msimu huu tu."

Sidi alielekeza kidevu pembeni mwa ua. Pale ilisimama koma ya mumewe, kijiti cha kumkumbuka marehemu, kilichochongwa na kuvishwa kitambaa, na hatua chache kando yake msalaba wa Kalume. "Niwaachie nani hawa? Yule wako husali. Huyu wangu hugomba."

"Basi nitafute fundi nikujengee lako. Nina vikuku vyangu vya mkononi nilivyoweka, nitauza."

"Ili mimi peke yangu nipike bila moshi, jirani zangu wakilia machozi? Nywele zangu unaiona rangi yake, mkamwana? Kizee chenye mvi kikipata kitu cha peke yake, watu huuliza kimekipataje. Maswali ya namna hiyo siyataki mlangoni kwangu. Nitapata siku watakayopata wenzangu."

Jedida alikuwa amekaa pwani miaka ya kutosha kujua maswali yale yamewafikisha wapi wazee wengine waliosingiziwa uchawi, na alijua kwamba Sidi hasemi kwa ubishi. Alichukua kuni mbichi zilizokuwa zikitoa moshi mno, akazitoa nje, akatia kavu. Kisha, kama kila alipoondoka, aliushika ule mkono mkavu akauombea kimyakimya, na Sidi akamwacha, akitazama pembeni kwa adabu kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kufunga kiatu.

Wakati anavuka kurudi, Jedida alisema na Mungu wake njia nzima. Hakuomba makubwa. Aliomba yule mgeni awe na macho.

*

Mgeni alikuja na bodaboda, mkoba mgongoni, kofia mkononi. Jina lake Kiprop. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kuinama kidogo akizungumza na wanawake wazima kama anayeogopa kuwazidi kimo.

"Shikamoo, mama," alimwambia Jedida.

"Marahaba, baba. Karibu Dabaso. Umeamkaje huko ulikolala?"

"Salama. Mbu tu ndio walionikaribisha."

"Hao ni kamati ya mapokezi," Pola aliingilia, amejifunga leso mpya. "Karibu, karibu! Mgeni njoo, mwenyeji apone! Leo hutakula hotelini."

Kiprop akaeleza kazi yake. Simu yake imemchagulia nyumba, yeye hakuchagua. Ataingia kila jikoni, atazame, apige picha, basi. Matokeo yataenda Nairobi, na kutoka Nairobi yataingia katika taarifa ambayo nchi huipeleka kwa mataifa. "Kwa hiyo mniwie radhi," alisema, "mimi sitamuuliza mtu swali la kumshika. Mimi nitatazama tu."

"Tazama, mwanangu," Pola alisema, kifua mbele. "Utazame mpaka uchoke."

Jiko la kwanza liling'aa. Udongo mweupe uliokorogwa na majivu ulikuwa umesiribwa juu ya jiko lote, laini kama shavu la mtoto, na aliyesiriba alichora maua pembeni kwa kidole. Kinywa cha jiko kilikuwa safi. Bomba lilifutwa. Kiprop aliinama, akachungulia ndani, akapiga picha. La pili vilevile. La tatu lilikuwa na maua na samaki. Na nje ya kila jikoni, chini ya kivuli, moto mkubwa ulikuwa ukiwaka juu ya mafiga matatu, sufuria ya pilau hapa, ya nazi pale, wanawake wakipepea moshi usoni kwa vipepeo vya ukindu.

"Mama," Kiprop alimwambia Jedida polepole, "mbona mnapika nje?"

"Ili tusiyachafue majiko, baba. Yamesiribwa jana kwa ajili yako."

Akakubali kwa kichwa, lakini uso wake ulikunjamana. Jedida aliuona ukikunjamana. Alikuwa mtu wa kuona nyuso, kazi aliyoizoea kanisani kwa kupokea watu mlangoni, na alijua kuna jambo limeharibika kabla hajajua sababu.

Wakafika kwake. Kiprop aliinama jikoni kwa Jedida, akapapasa ubavu wa jiko kwa vidole, akatafuta, akapapasa tena. "Kwako kulikuwa na kifaa," alisema. "Kidogo hivi, duara, kama kifungo cha koti. Moraa alikibandika hapa."

"Kipo!" Jedida aliruka, furaha ikamrudia. "Kipo, baba, usihofu."

Akaingia chumbani. Akafungua sanduku la bati, akainua vikombe vya wageni, akatoa kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe, akakileta kwa mikono miwili. Akakifungua. Kile kifaa kilikuwa ndani, kinameta, hakina hata alama ya kidole.

"Moraa aliniambia nikitunze sana, ni cha serikali, kisipotee. Niliona kinapata moto pale, nikasema, hiki kitaharibika. Basi nikakiweka. Siku ileile, baba. Hakijaguswa na mtu."

Kiprop alikitazama kitambaa, akamtazama mama, na kwa muda ilionekana kama atacheka na kama atalia. Alikaa juu ya kigoda bila kuambiwa.

"Mama yangu," alisema, "hiki kifaa hupima joto. Jiko likiwashwa, kinajua. Lisipowashwa, kinajua. Kiliwekwa pale kipate moto."

Jedida alibaki ameshika kitambaa.

"Kikisomwa Nairobi," Kiprop aliendelea, kwa upole wa mtu anayetoa habari ya msiba, "kitasema jiko hili halijawahi kuwashwa. Na hizi picha nilizopiga zitasema majiko yote mapya, na watu wanapikia mafiga. Mimi nikiwa ofisini nikaletewa picha hizi, ningesema hawa wameyaweka kama mapambo."

"Lakini tunayatumia!" Pola alifoka kutoka mlangoni, na nyuma yake wanawake walikuwa wameshajaa, na wote wakaanza kwa pamoja. Tunayatumia! Muulize mwanangu! Nusa nguo yangu! Mmoja alileta kidole kilichoungua. Mwingine alisema serikali haina shukrani, ikute jiko chafu iseme wanawake wa Dabaso wavivu, ikute safi iseme hawapiki.

Kiprop aliwasubiri. "Mama zangu, nawaamini. Lakini kuna mahali tuliambiwa yanatumika, tukaandika yanatumika, tukawaambia mataifa. Tulipokuja kwenda, kuku walikuwa wametagia ndani. Ile aibu ilikuwa ya nchi. Tangu siku ile sheria yetu ni moja. Huandiki ulichoambiwa. Unaandika ulichokiona."

Mara wakasikia kikohozi kinakuja. Sidi alikuwa amevuka barabara kwa fimbo yake, polepole, kuja kumwona huyo mwonja ugali. Alisimama uani, akajishikilia kwenye mlimau mpaka kifua kilipomwachia.

"Ameona?" aliuliza.

Pola alimshika Kiprop mkono, akamvuta kando, lakini sauti ya Pola haijui kwenda kando. "Mwanangu, mtazame huyu bibi. Anaishi upande wa juu. Ukiandika hapana, huyo ndiye umemwandikia hapana. Andika ndiyo. Kalamu ni yako, nani atakuona? Sisi wote ni mashahidi kwamba ni kweli!"

Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomchoma Jedida. Kama ungekuwa uongo ungekuwa rahisi kuukataa. Alimtazama Sidi, midomo imekauka, shingo nyembamba kama ya ndege, akaona kwamba neno moja la kijana huyu lingemletea jiko, na kwamba yeye mwenyewe, Jedida, kwa kitambaa chake alichotarizi, ndiye aliyeliweka mbali. Angeweza kupiga magoti. Kiprop alikuwa mtu wa huruma, angetikisika, na hilo Jedida aliliona.

"Pola," alisema. "Mwachie mkono."

"Jedida!"

"Mwachie, dada. Yeye amekula kiapo chake kama mimi nilivyokula changu. Tukimwandikisha asichokiona, kesho hakuna atakayemwamini hata akiandika alichokiona. Na sisi tutakuwa wale wa kuku." Akamgeukia Kiprop, machozi yakiwa karibu lakini hayajatoka. "Andika ulichoona, baba. Sina kinyongo."

Kiprop hakuandika. Alibaki amekaa, anazungusha kofia, anatazama lile jiko lenye maua. Baadaye akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, "Huu udongo mpya una unene gani?"

"Kama ukoko wa wali," mmoja alisema.

"Na chini yake?"

Wakatazamana.

"Mama," Kiprop alimwambia Jedida, "udongo ulioungua haurudi kuwa mbichi, hata ukiupaka nini. Mnipe ruhusa nikwangue."

Kelele zilizozuka hapo zilikuwa kubwa kuliko za mwanzo. Kukwangua! Tumeshinda juani! Mimi nimechora samaki kwa saa nzima! Pola aliapa kwamba siriba yake haiguswi na mtu labda apite juu ya maiti yake. Lakini Jedida alikuwa amekwisha kuchukua upawa. Alipiga magoti mbele ya jiko lake, akasema, "Bwana, nisamehe maua," akakwangua.

Ule weupe ulitoka kwa magamba. Chini yake jiko lilikuwa jekundu kama kigae, limepasukapasuka kinywani, na kwenye nyufa masizi meusi, manene, yenye mafuta, yaliyokataa kukwanguliwa jana. Ikatoka harufu ya mwaka mzima wa ugali na mchicha wa nazi. Kiprop alicheka kwa sauti mara ya kwanza tangu afike.

"Hiyo," alisema, akaitoa simu, "hiyo naiona!"

Basi ikawa sherehe. Walikwenda nyumba kwa nyumba na upawa na vifuu, wakikwangua kwa vigelegele, kila penye weusi wakipiga kofi. Yule wa samaki alikwangua kwa uchungu, akabakiza mkia. Sidi alifuata nyuma na fimbo yake, akikohoa na kucheka, hajui kipi kimeanza kwanza. "Nimeishi," alisema, "mpaka nimeona watu wanashangilia masizi."

Mpaka wakafika kwa Pola, na Pola akasimama mlangoni.

"Langu mmeshaliona asubuhi," alisema. "Mimi ni mwenyekiti. Hamuwezi kumfunua mwenyekiti."

Wanawake walicheka, wakadhani ni utani wake. Jedida hakucheka. Juu ya kichwa cha Pola aliona dari la jikoni. Makuti ya upande wa mafiga yalikuwa meusi, yanang'aa kwa moshi. Ya upande wa jiko yalikuwa yamefifia tu kwa umri. Na mdomoni mwa bomba buibui alikuwa amejenga, ametulia kama mwenye nyumba.

Pola aliona anachotazama. Akasogea karibu, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya urafiki wao sauti yake ilijua kwenda kando. "Jedi, niondolee huyu. Mwambie nina mgonjwa ndani. Likionekana hili moja, yote yataharibika. Mkweo yuko pale, anatusikiliza."

Sidi alikuwa pale kweli, anakohoa ndani ya leso. Jedida alisimama kati ya wale wawili anaowapenda, na kijana mwenye simu mkononi. Alijua kwamba akisema ndani kuna mgonjwa Kiprop atakubali, maana alikuwa na adabu na jua lilikuwa kali. Alijua pia kwamba usiku akipiga magoti hatakuwa na la kusema.

Akamshika Pola mkono. Akazungumza naye kama anavyozungumza na mfiwa mlangoni pa kanisa. "Dada yangu, mficha uchi hazai. Mwambie mwenyewe kwa nini. Wewe huna jambo bila sababu. Mimi nitasimama hapa hapa kando yako."

Pola alipumua mpaka mabega yakashuka. Akasogea mlangoni.

"Halijawashwa," alisema, akimtazama Kiprop usoni. "Siku ya kwanza nililiwasha. Karai langu la viazi halikai. Yale matundu ni ya sufuria ndogo ndogo za watu wanaokula nyumbani! Mimi nakaanga viazi vya stendi nzima, karai langu ni kama mtumbwi. Likipinduka, mafuta yananiua. Nikarudi kwenye mafiga. Na mimi ni mwenyekiti, mimi ndiye ninayewapigia kelele wenzangu, ningesema nini? Haya. Andika."

Kisha yule wa samaki akasema kwa woga, "Hata mimi nikipika mahamri huwa naenda nje. Karai halikai."

"Na mimi wakati wa hitima," mwingine akasema. "Sufuria kubwa."

Kiprop alikaa juu ya debe la Pola. Aliandika muda mrefu, akiuliza upana wa karai, na mara ngapi, na kuni za namna gani. Alipomaliza alisema, "Mama zangu, kila taarifa ninayoletewa inasema majiko yote yanatumika, siku zote, kwa kila kitu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutaja karai. Sasa nimepata cha kuwapelekea."

"Na sisi wa juu?" Sidi aliuliza. "Tutapata?"

Kiprop alisimama, akavua kofia yake tena. "Bibi, hilo siamui mimi. Mimi ni macho tu. Lakini nitakachokipeleka, wakija kukihakiki, watakikuta."

"Si haba," Sidi alisema. "Kula pilau basi, wewe macho. Imepoa."

*

Mvua za vuli zikaja, zikaisha, Nairobi haijasema kitu. Jedida alisali bila kumshika Mungu koo. Kifua cha Sidi kilizidi wakati wa unyevu, na wiki moja Dena alikuja kutoka Mombasa wakampeleka hospitali, bibi akarudi na dawa na onyo la moshi, akacheka lile onyo. Pola alikuwa akiona haya kupita mbele ya nyumba ya Jedida, mpaka Jedida alipokwenda stendi kununua viazi, akala palepale, akaomba tena pilipili. Baada ya hapo mambo yakarudi.

Halafu siku moja simu iliita, na alikuwa Kiprop. "Mama, mmekaa tayari kuchimba udongo?"

Majiko ya upande wa juu yalijengwa yote kwa pamoja, mlango hadi mlango, na hakuna mwenye mvi aliyeulizwa kitu. Na lori lililoleta vinywa na mabomba lilishusha pia majiko machache mapana, mapya, yenye tundu moja kubwa, yaliyoandikwa ubavuni "jaribio." La kwanza lilikwenda kwa Pola. Alilizunguka mara kadhaa kama anayenunua ng'ombe, akalitia karai lake, likakaa kama yai kiotani. Akapiga kigelegele kilichosikika mpaka Gede.

Jedida alimwacha Sidi wiki kadhaa azoeane na jiko lake, kisha Jumamosi moja alivuka barabara na ndoo na kitambaa kumsaidia usafi. Alisimama nje kwanza, kwa mazoea, asikilize. Kikohozi kilikuwepo, lakini sasa kilikuwa na haraka na kilimaliza. Ndani mlikuwa na mwanga. Dari lilionekana.

Jiko lilikuwa jeusi kinywani, masizi yamepanda mbele kama ndevu. Na ubavuni, pamebandikwa na udongo, paling'aa kitu cha duara, kama kifungo cha koti.

"Walikuletea wewe?" Jedida aliuliza.

"Waliniletea mimi. Kila asubuhi nakisalimu. Kipo kwenye moto wake, wala sikipi kitambaa." Sidi alimtupia jicho. "Nimesikia kuna mtu alikifunga sandukuni na vikombe."

"Mayo, jamani."

"Alikuwa mtu wa bara, nadhani. Kule kuna baridi, walidhani kinaumwa."

Jedida alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Kisha akalowesha kitambaa, akainama afute yale masizi ya kinywani. Fimbo ilimgusa mkononi, si kwa nguvu.

"Wacha," Sidi alisema. "Usiyaguse masizi yangu. Serikali ikija itaona nini?"

Jedida akakikamua kitambaa, akakianika juu ya ua, akaja akaketi kando yake chini. Sidi akasukuma ukuni mmoja ndani kwa kidole cha mguu. Chai ikaanza kuimba, na moshi ukatoka kwa bomba kwenda zake, juu ya koma na juu ya msalaba, bila kumgusa mtu.